Pazia Juu ya Migunga

Jumatatu, 3 Juni
Nimefungua kitalu bila sweta. Juni hii! Zamani, wiki kama hii, vidole viligoma hata kufunga mifuko ya miche. Pazia, ule mmea wetu wa kutambaa, bado lina maua ya zambarau, mengi mno. Kwa kawaida saa hizi lingekuwa limeshanyauka. Wateja wanalipenda, linaficha uzio mbovu kwa msimu mmoja.

Alhamisi, 6 Juni
Bwana misitu kapita. Kauliza kama tunauza mmea unaotambaa, wa maua ya zambarau. Anasema umejiotea kijitoni na kupanda juu ya migunga, na mgunga usioona jua hauchanui. Nikamjibu Pazia letu halisambai, baridi huliua.
"Baridi ipi, dada?"
Nikageukia lebo za miche: "Halisambai, baridi huliua." Maneno hayo yako kwenye kila lebo, kwa mwandiko wangu, miaka kumi na minne. Na sikudanganya — hilo ndilo linaloniuma. Yalikuwa kweli.

Jumapili, 9 Juni
Nimekwenda kijitoni peke yangu. Nimeng'oa mche mmoja. Chini yake mwingine, na mwingine. Mbegu! Pazia halikuwahi kukomaza mbegu, baridi ililiwahi. Sasa hakuna cha kuliwahi. Migunga imefunikwa gubigubi. Hakuna ua hata moja la mgunga, hakuna nyuki.
Mizinga ya wifi iko hatua hamsini tu kutoka pale.

Jumanne, 11 Juni
Wifi kapiga simu. Mizinga minne kati ya tisa imebaki mitupu. Tangu kaka yangu afariki, asali ndiyo inayomlisha. Lakini hakuwa akilia, ana mpango: migunga imechoka, basi apande Pazia zaidi, lenye maua mwaka mzima. Lile la kwanza, nililompa mimi mwenyewe mwaka juzi, limemkubali sana. Anataka miche kumi. Kwa ajili ya nyuki!
Nikasema nitaona. Nitaona! Mwoga mimi.
Jioni nimepasua maua matatu mezani. Koo refu, jembamba. Nyuki wetu hafiki kwenye utamu.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekuja kwa wifi mikono mitupu. Kumbe mashimo kumi kashayachimba, yote yana samadi. Kanitania: nimekuja kula tu, miche iko wapi? Sikuweza kucheka. Nikamwambia nina neno, tukae ndani. Akanikazia macho.
"Umefukuzwa kazi?"
La.
"Unaumwa?"
La.
Akashusha pumzi. "Basi wifi yangu, ukiwa mzima, mengine yote madogo. Ngoja ninawe."
Naandika haya kwenye meza yake ya jikoni. Sijui nianze na nyuki au na ule mche niliompa, ambao huenda ndio uliopeleka mbegu kijitoni. Ananiita toka bombani: nikikaa tu bure, nianze kuhesabu ndoo, maana hayo mashimo yatataka maji mengi —