Boti ya Mzee Halvorson na Ile Nyingine

Jumatano, 5 Juni

Wiki ya tano ya ndoa! Soren amenipikia mayai, akayaunguza, nikayala yote kwa mapenzi. Baba mkwe anataka tupate boti kabla wifi hajaja na wanawe – boti ya maboya, sakafu bapa, viti pande zote, familia nzima inaenea. Leo tumeiona ya mzee Halvorson. Zulia limetafunwa na panya, turubai la kivuli limechanika. Mota inakohoa kwanza, ndipo inawaka. Mzee akasema si mbaya sana. Hapa Minnesota hiyo ni sifa kubwa. Nimeipenda! Nimeshachagua kiti chetu, kile cha nyuma, cha watu wawili waliobanana.

Ijumaa, 7 Juni

Boti ya pili. Nyeupe, safi, zulia jipya. Muuzaji – Janelle. Janelle yule, aliyekuwa na Soren miaka miwili kabla yangu! Amerudi kutoka California kuuza vitu vya marehemu baba yake. Kakumbatia kila mtu, hata mimi. Ananukia limau.

Tulipopanda, Soren hakuuliza chochote. Akainua kiti cha kushoto, akatoa nanga. Akapiga ngumi mbili chini ya usukani, akazungusha ufunguo, mota ikawaka.

"Kumbe hujasahau," Janelle akacheka.

"Afadhali," akasema baba mkwe. "Fundi tunaye nyumbani."

Njiani nikasema ile ya mzee Halvorson ina roho.

"Ina panya, mpenzi," akasema Soren, akanibusu shavuni. Mume wangu mzuri. Nimelia bafuni, kidogo tu.

Jumamosi, 8 Juni

Nipo gatini kwa Janelle, peke yangu. Bahati daftari lilikuwa mkobani.

Soren alitaka kuijaribu mara ya mwisho ndipo tuamue. Baba mkwe akaenda kunywa kahawa kwa jirani. Janelle akaniuliza, twende wote, Britta? Nikasema hapana, nendeni tu. Akarudia, kweli huji, nafasi si ipo? Nikasema sitaki kuwasumbua. Kila mtu hapa anajua: unakataa mara mbili, ya tatu unakubali. Hata keki ya kanisani tunaila hivyo. Mkoba nilishauweka begani.

Janelle akafungua kamba.

Yeye California imemharibu, sawa. Lakini Soren? Soren kazaliwa hapa. Alinitazama, akasema, "Dakika kumi tu, mke wangu."

Sasa ni thelathini na tano. Boti imesimama katikati ya ziwa. Viti kumi na viwili, vichwa viwili, na vyote upande mmoja. Baba mkwe amerudi na kikombe chake, amekinga macho kwa mkono. Anasema mota imewazimikia, maskini.

Labda. Lakini Soren anajua pa kuipiga.

Hakuna upepo. Sauti inafika mbali juu ya maji. Nimetega sikio, nisikie ngumi mbili.