Makoti Mawili, Mdomo Mmoja

Jumatatu, 2 Oktoba

Siku ya kwanza kliniki. Kentucky nzima ina wagonjwa, chuo kikaona kinirudishe kwetu bondeni! Kutoka kwa Bibi hadi hapa dakika kumi — kumi na tano ukikuta lori la makaa ya mawe mbele yako.

Mwaka wa tano huu wa shahada mbili kwa mpigo, ufamasia na udaktari msaidizi. Upande wa famasia darasa nimemaliza, Jumamosi bado nasimama kaunta kwenye duka la dawa la Mzee Tackett. Sasa ni zamu ya kupima watu na kuwaandikia dawa badala ya kuwahesabia vidonge.

Msimamizi wangu ni Corinne Sizemore, daktari msaidizi kwa miaka ishirini na mbili, viatu vya kijani, maneno machache. Kaniangalia koti, kaniuliza nimekuja kupima wagonjwa au kuuza shampuu. Lo — nimevaa koti la famasia! Bibi kayafua makoti yangu yote mawili, la famasia na la kliniki, kayatundika msumari mmoja.

Mgonjwa wa tatu: Bi. Arminta Combs, miaka sabini na minne, shoga wa Bibi tangu usichana wao. Kabla sijamsalimia vizuri akaniambia mimi ndiye niliyemtapikia kwenye gari lake. Nilikuwa na miaka sita! Anasumbuliwa na mkojo, unachoma. Na miguu inakaza misuli, hiyo ya siku nyingi. Nikampima, nikamwandikia septrini ya kuua vijidudu. Corinne akasaini. Tukamtoa na damu, maana siku ya kipimo chake cha mwaka ilikuwa imepita.

Saa tisa simu inalia. Mzee Tackett. Eti anaomba kuzungumza na mtaalamu aliyemwandikia septrini mtu anayetumia lisinopril ya presha.

Uso uliniwaka moto. Dawa hizo mbili kila moja inapandisha potasiamu mwilini, ukiziweka pamoja kwa mzee unatafuta balaa. Hili nimefundishwa. Hili nimewapigia simu madaktari kwa miaka mitatu, nikishakata simu namcheka daktari pamoja na Mzee Tackett! Nikamwambia ukweli: niliona nikikosea, famasia wataona.

Mzee Tackett akanijibu. "Famasia ni wewe, binti."

Corinne hakunigombeza. Alisema alisaini bila kuangalia kwa sababu na yeye alijua mimi ni mfamasia. Kwa hiyo mimi niliegemea koti moja, yeye akaegemea la pili, na ndani ya makoti yote mawili hakuna mtu. Dawa imebadilishwa. Bi. Arminta hakumeza hata kidonge kimoja cha ile septrini, namshukuru Mungu.

Jumanne, 3 Oktoba

Majibu ya damu. Potasiamu ya Bi. Arminta ni 5.8! Ikizidi 5 tayari tunakunja uso. Na septrini hajaigusa — sasa imetoka wapi?

Kaitwa mchana huohuo. Kipimo cha moyo, sawa. Corinne kamsimamishia lisinopril, kampa unga wa kuishusha potasiamu (Bi. Arminta anasema una ladha ya tope la kijito). Mimi nikauliza maswali yote. Chumvi ile ya wagonjwa wa presha? Hatumii. Vitamini? Hapana. Dawa za majani? Hapana. Dawa ya mtu mwingine? Akanitazama kama nimemuuliza anaiba kuku.

Alipotoka, Corinne akaniambia potasiamu ikizidi huusimamisha moyo bila kupiga hodi. Mgonjwa anaongea na wewe, anacheka, basi.

Chakula cha jioni Bibi kashika palepale pa siku zote. Msaidizi wa daktari — miaka yote hiyo shuleni uje uwe msaidizi? Msaidizi wa nani? Nikamweleza kwa mara ya mia: napima, naandika dawa, nina msimamizi, ndiyo kazi yenyewe. Akatikisa kichwa. "Nusu mfamasia, nusu daktari. Haya, vyombo anaosha nusu ipi?"

Nikaosha.

Jumatano, 4 Oktoba

Makoo manne yanayouma. Goti moja. Mzee mmoja aliyekuja na presha, akatumia dakika kumi kunionesha picha za ng'ombe wake kwenye simu. Presha ilishuka!

Bibi kaenda kanisani kushona mablanketi ya viraka na wenzake, kama kila Jumatano. Karudi amechangamka, amebeba keki nusu.

Alhamisi, 5 Oktoba

5.9.

Imepanda! Lisinopril imesimama, unga anakunywa, na bado imepanda. Corinne kasema Jumatatu anapimwa tena, ikifika sita na ushee anapelekwa hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili. Bi. Arminta kasema hospitali haendi, kule ndiko mumewe alikoingia kwa miguu na kutoka kwa kulala. Alilisema kwa utani, macho hayakutania.

Nikamuuliza miguu. Kumbe afadhali, tangu jana haijakaza. Umefanya nini? Maombi, anasema. Maombi na kundi la Jumatano.

Nimeliandika hili kwenye faili lake kama lilivyo. Maana yake siioni. Nimesomea mambo mawili na bado siioni!

Jumamosi, 7 Oktoba

Kaunta. Nimevaa koti lililo sahihi, nimelikagua mara mbili.

Saa nne anaingia Bibi, amejipaka na rangi ya mdomo. Anataka vidonge vyake vya potasiamu. Yeye anameza dawa ya kutoa maji mwilini kwa sababu ya moyo, na dawa hiyo inamchotea potasiamu, ndiyo maana anaandikiwa vidonge viwili kwa siku airudishe. Nikafungua kompyuta. Zamu yake bado siku kumi na mbili! Eti vilimwagika kwenye sinki. Nikarudi nyuma kwenye rekodi. Mwezi uliopita aliwahi siku kumi: mbwa alikula.

Mbwa alikufa mwaka juzi. Nilichimba shimo mimi!

Hapo ndipo yalipokutana. Miguu inayokaza. Jumatano. Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba miguu ikikaza ni potasiamu, kula ndizi. Na kama huna ndizi, una shoga.

Nikamvuta pembeni, penye sabuni. Nikamuuliza taratibu: Bibi, kuna mtu unamgawia? Akajivuta juu, akawa mrefu kuliko mimi, sijui alifanyaje. Nimemlea huyu, akaiambia sabuni, leo ananiita mwongo. Akatoka. Mzee Tackett hakumpa vidonge.

Nikamuuliza Mzee Tackett, bila kutaja jina la mgonjwa wa kliniki. Kama hapa kaunta nimeona jambo la mtu mmoja, na linamgusa mtu mwingine kule... Hakuniacha nimalize. Kinachoonekana upande huu wa kaunta kinabaki upande huu. Nikatoka nje nikampigia Corinne, nikamgeuzia swali: kama kule kliniki nimejua jambo la mtu, naweza kumwambia mwingine? Jibu lilelile, utadhani wamelala nyumba moja!

Basi hali yangu ndiyo hii. Siwezi kumwambia Bi. Arminta kwamba vidonge vya Bibi vinaisha mapema, hiyo ni siri ya kaunta. Siwezi kumwambia Bibi kwamba damu ya Bi. Arminta ni 5.9, hiyo ni siri ya kliniki. Mtu wa koti moja asingejua kitu na angelala. Mimi najua yote, na kila koti limenifunga mdomo kwa upande wake.

Wao nao nimewauliza kila mmoja kwake. Wote wawili wamenidanganya bila kupepesa, kila mmoja anamkinga mwenzake. Miaka sitini ya urafiki! Nimekasirika na ninawapenda.

Jumatatu ni mbali. Ninaogopa.

Jumapili, 8 Oktoba

Naandika nikiwa bafuni kwa Bibi, nimekaa kwenye ukingo wa sinki la kuogea. Saa saba na nusu mchana. Nina dakika ishirini kabla hatujaondoka, nikiandika natulia kidogo.

Baada ya ibada walikuja kula, Bi. Arminta na wengine wawili wa kundi la kushona. Maharage na mfupa wa nguruwe, mkate wa mahindi, matofaa ya kukaanga. Walinitania tangu kijiko cha kwanza. Eti mmoja ana jipu, anionyeshe lini, nikiwa nusu ipi? Eti nikiolewa, bwana harusi apewe maelezo ya matumizi. Nilicheka. Macho yangu yalikuwa kwenye aproni ya Bibi.

Bi. Arminta akajikunyata, akashika paja. Imemkaza, anasema, ilianza tangu wimbo wa pili kanisani.  Mkono wa Bibi ukaingia mfukoni mwa aproni, kikatoka kibati bapa anachowekea vifungo vya kushonea. Kifuniko, tik. Mkono ukapita chini ya kitambaa cha meza, wenzake wakaendelea kupakua matofaa. Wamezoea!

Nikamkamata mkono.

Kidonge cheupe, kikubwa, kirefu. Nakijua kama jina langu. Na hapo nikaelewa kwamba nimefunguliwa: hiki sikukisoma kwenye kompyuta ya mtu wala faili la mtu. Nimekiona mezani, mbele ya maharage, sina koti lolote.

Bibi akauliza taratibu kama ndivyo alivyonilea, kumkamata bibi yangu mbele ya wageni. Nikasema ndiyo. Nikamgeukia Bi. Arminta. "Hiki kinaweza kukusimamisha moyo. Umekuwa ukimeza vingapi?"

Akamwangalia Bibi. Bibi akaangalia mkate.

"Kimoja kimoja tangu Juni," akasema. "Tangu Jumatano, viwili. Asubuhi na jioni, kama Ocie huyu hapa alivyoniambia."

Viwili kwa siku! Viwili ndivyo Bibi anavyoandikiwa, hakuna cha tatu, na jana kaunta hakupewa vingine: yeye anameza nini? Nikahesabu kichwani, nikahesabu tena. Nilikuwa nimekuja mezani na moyo mmoja wa kuuhofia, sasa ipo miwili. Bibi anameza dawa ya kutoa maji kila asubuhi, namuona kwa macho yangu. Na potasiamu ikipungua sana, nayo huusimamisha moyo vilevile.

Nikaja huku nikampigia Corinne. Nikamwambia nilichokiona mezani, hicho tu. Hakuuliza swali hata moja la kunicheka. Anakwenda kufungua kliniki, niwalete wote wawili, wasimeze kitu. Nimetoka kuwaambia, nikarudi kunawa uso. Nilikuja kunawa uso, nikachukua daftari.

Nje huko wanagombana nani anakaa mbele kwenye gari. Bi. Arminta anasema mbele ni ya mgonjwa. Bibi anasema hata yeye sasa ni mgonjwa, mjukuu wake msomi kasema. Nasikia karatasi ya foili — anamfungia Corinne mkate wa mahindi!

Kibati cha vifungo kimepita chini ya mlango. Bibi kakisukuma kwa mguu, nimeona ncha ya kiatu.

Nimekifungua. Vidonge vya rangi zote. Chini yake kadi ya mapishi iliyokunjwa, mwandiko wake wa kulala upande. Arminta — miguu — potasiamu. Wale wawili waliopo mezani nao wamo: mmoja hapati usingizi, mwingine magoti. Na wengine watatu wa Jumatano, kila mmoja na ugonjwa wake, na dawa yake, na imetoka kwa nani. Aliyepima ni yeye, aliyeandika ni yeye, aliyetoa ni yeye. Mimi ndio kwanza nina miaka mitano chuoni nafundishwa kazi hiyo! Na nyuma yake, kama nyuma yangu Jumatatu, hakuna aliyeangalia.

Jina la mwisho ni lake mwenyewe, Ocie. Mbele yake hajaandika kitu.

Anagonga. Anauliza kama nimeisoma kadi. Nimesema ndiyo. Nasikia anavyopumua, ameegemea mlango.

"Basi toka, daktari," anasema. "Na miguu yangu inakaza. Tangu Agosti."

Neno hilo, daktari, hajalitania. Natafuta kitasa.