Masuke ya Siku ya Kumi na Mbili

S.L.P. 1473,
Kisumu.
17 Julai 1989

Mpendwa Shangazi Zeituni,

Assalaam aleikum. Natumaini Idi imewakuta wazima hapo Tanga, na goti lako limekupa nafasi ya kuswali umesimama. Sisi miili yetu ni mizima, alhamdulillahi. Baba bado yuko na cherehani yake Manyatta, na tangu apate miwani hashoni tena mifuko upande. Mama anakusalimu, ila hajui ninakuandikia nini. Angejua angenizuia.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kufunga mpunga nyuzi. Usicheke, Shangazi. Kituo chetu cha utafiti kiko huku uwanda wa Kano, na mimi hufunga uzi kwenye suke siku ile ile linapochanua. Kutoka hapo tunahesabu siku. Kila baada ya siku mbili tunakata masuke kadhaa na kuyatia kwenye kisanduku cha barafu, kwa sababu tunatafuta protini, na joto huiharibu.

Siku za kwanza ukibinya punje hutoka maji matupu. Karibu na siku ya sita chakula kinachotoka kwenye majani kinaanza kugeuzwa protini ndani ya punje, na mmea unaiweka akiba kwenye vifuko vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kufikia siku ya kumi punje hutoa kitu kama maziwa, na akiba inaingia kwa kasi. Ukikosa siku moja hapo, umeikosa mpaka msimu mwingine. Ndiyo maana tulikuwa shambani Jumanne ile.

Ilikuwa tarehe sita Juni, siku ya kumi ya masuke yetu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ukungu ulikuwa haujaondoka. Nilikuwa na Walubengo, mtu wa Bungoma aliyenifundisha kazi hii. Viboko hutoka ziwani usiku kuja kula mpunga, lakini kufikia saa ile huwa wamerudi majini. Tulipiga debe kama kawaida, tukaingia. Tulikuwa tumekata karibu yote aliponiita kwa sauti ya chini.

“Dada Rehma, simama hapo hapo. Usikimbie.”

Nikasikia pumzi. Shangazi, ile pumzi siwezi kuieleza. Kiboko mmoja alikuwa amelala ndani ya mpunga, na sisi tulikuwa tumesimama kati yake na mfereji, njia yake ya kurudi ziwani. Alipoinuka, Walubengo alipiga debe akakimbilia upande wa pili ili amfuate yeye. Kweli alimfuata. Nilisikia mfupa ukivunjika, kisha maji ya mfereji yakaruka, kisha kimya. Nilipomfikia Walubengo, paja lake lilikuwa limegeuka pasipofaa, na midomo yake ilikuwa myeupe. Nilipiga kelele mpaka wakulima wakaja na mlango wa stoo, wakambeba juu yake.

Siku ya kumi na mbili iliangukia Alhamisi. Nilifika kituoni, lakini vidole vilikataa kufunga vifungo vya koti. Nikamwambia mkubwa wetu, Madam Agneta, kwamba siwezi.

“Sikulazimishi, Rehma,” alisema. “Baki hapa utayarishe barafu.”

Akavaa gambuti, akachukua debe na mkasi, akaenda peke yake. Alikuwa na ujauzito wa miezi mitano. Nilisimama mlangoni nikisikiliza lile debe likienda mbali. Usidhani nilipata ujasiri. Kubaki pale nikisikiliza ndiko kulikonishinda. Nikamkimbilia. Alinipa mkasi tu. Tulikata masuke kumi na sita tukiwa tumepeana migongo. Juu ya tuta kulikuwa na nyayo mpya, na maji yalikuwa bado yanajikusanya ndani yake.

Jioni nilikwenda hospitali. Walubengo alikuwa amefungwa mguu kwa kamba na uzito unaning'inia. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Ya kumi na mbili mlikata?” Nikasema tulikata. Akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni. Mkewe, Nasambu, alinishika mkono akanipeleka nje. Aliniambia mume wake hatakanyaga tena shamba lile, na kama mimi nina wazazi nisikanyage pia.

Wiki iliyopita majibu yalirudi kutoka maabara ya Nairobi. Ni picha yenye mistari ya buluu, kila siku na safu yake, na mstari ukinenepa ndivyo protini ilivyo nyingi. Siku ya nne hakuna kitu. Ya sita kuna mstari mwembamba kama wa penseli. Ya kumi umenenepa, na ya kumi na mbili ni mzito kuliko yote iliyotangulia. Madam Agneta aliniambia kwamba tukijua mbegu gani huanza kuweka akiba mapema na kuweka nyingi, watoto ambao chakula chao ni wali mtupu watapata nguvu zaidi. Nilifurahi, Shangazi, halafu usiku nikaisikia ile pumzi tena. Huisikia hata Baba anapokoroma.

Sasa Walubengo hatarudi, na mpunga mwingine utachanua mwezi wa kumi. Ijumaa Madam aliniuliza kama nitashika nafasi ya Walubengo shambani. Aliniambia nina haki ya kukataa, na nikikataa nitapewa kazi ya ndani ya kituo. Nilikaa nayo siku mbili. Leo asubuhi nimekubali.

Nisalimie Mzee Muhidin, na umwambie dawa ya kikohozi nitamletea mwenyewe. Nisalimie Lornah jirani yako. Mungu akuzidishie afya na akufungulie kila mlango wa heri.

Naogopa sana, Shangazi. Mama bado sijamwambia. Nimetaka wewe ujue kwanza, ili lolote likitokea, awepo mtu mmoja wa kumwambia kwamba sikulazimishwa.

Binti yako akupendaye,
Rehma Idd