Kahawa ya Mama Devota

Ifakara, Jumapili, Juni 1996

"Kahawa ya kufungwa dukani haifikii hata robo ya kahawa ya kopo kutoka Ulaya." Ndivyo alivyosema Mwalimu Lyanga baada ya misa, nami nikamjibu mbele ya watu wote kwamba ulimi wake bado unatawaliwa na wakoloni. Nikaahidi kumletea pakiti ya Mama Devota, mwenye duka mtaani Viwanja Sitini, ninayokunywa mwaka mzima, aionje sambamba na kopo lake.

Jioni nikapitia uani kwa Mama Devota kuichukua. Nikamkuta anakaanga mchele. Chenga tupu, nyeusi tii, na kinu pembeni.

"Unapika nini, mama?"

"Kahawa yako, Baba Kristina. Buni naweka kidogo, inukie tu."

"Mchele?"

"Si unaisifia mwenyewe kila siku?" Akacheka mpaka akashika kiuno.

Mimi! Kesho Lyanga anakuja na kopo lake, na mimi nitamwambia...

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nimeinywa tena sasa hivi, na ni tamu.

Ninyi wenye maduka wa Ifakara, andikeni kwenye pakiti kilichomo ndani. Kama ni mchele, andikeni mchele. Nitautetea kwa jina lake.