Kama Benki Itakubali

Mayoni, 4 Februari 2025

Mwanangu Anwar,

Assalamu alaikum. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Huko Doha joto likoje, na unakula vizuri?

Nyumba nimeiuza. Mnunuzi ni mwalimu Osundwa, alikuja na mkewe Muhonja. Tulitia saini kwa wakili, kisha nikawapikia obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kienyeji. Firigisi nilimpa Osundwa. Tangu babako afariki hakuna aliyeila humu ndani, maana ni ya mwenye nyumba. Akaila, mambo yakaisha. Bi Raisa naye aliitaka nyumba, nimemwambia atafute kwingine. Nakutumia picha za makubaliano. Nahamia kwa shangazi yako Mumias huku nikitafuta kijumba karibu na hospitali.

Mamako

Doha, 6 Februari

Mama,

Waalaikum salaam. Joto linavumilika, na nakula. Pole kwa magoti.

Nimesoma picha zote na nina wasiwasi. Mama, hujauza bado. Imeandikwa Osundwa atanunua kama benki itampa mkopo, kama nyumba yake ya Lugari itanunuliwa kwanza, na kama mpima ardhi ataridhika na mipaka. Moja likikwama, anachukua arubuni yake anaenda zake. Hata tarehe ya mwisho haipo. Tafadhali usimpe ufunguo. Mwombe wakili aweke tarehe, na Bi Raisa mwambie angoje kidogo.

Mwanao

Mumias, 15 Februari

Anwar,

Salaam. Ufunguo nilishampa, wametundika na mapazia. Ulitaka nimlishe mtu firigisi kisha nimwambie akae nje angoje benki? Huko ugenini mnafundishwa kushuku watu. Usiniandikie tena habari za tarehe.

Mamako

Mumias, 20 Mei

Mwanangu,

Assalamu alaikum. U mzima? Nilikukataza habari za tarehe, sikukuambia uninyamazie hivi.

Benki imemkatalia Osundwa. Wakili anasema makubaliano yamekufa, nyumba ni yangu, nirudishe arubuni. Lakini Osundwa hatoki. Anasema anajaribu benki nyingine, na watoto wameshazoea shule ya hapo. Bi Raisa alishanunua kwingine, huko Matungu. Shangazi yako ananiuliza nitakaa mpaka lini. Anauliza kwa upole, lakini anauliza.

Jana nilienda Mayoni kumwambia Osundwa ahame. Nilibisha hodi mlangoni, nikangoja. Muhonja akanipokea vizuri, akaniwekea kiti cha wageni, akaleta chai. Nikanywa, nikashukuru, nikaaga. Lile neno lililonipeleka sikulisema. Niliogopa, Anwar, na nimeona aibu. Nyumba ni yangu, na nilishindwa hata kuomba niingie chumbani kwangu.

Mamako