Kwa Nini Hukuchaguliwa

Mdogo wangu Suwen,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Baba yu hali gani na kile kikohozi chake? Mama bado anagombana na bata wa jirani? Mimi mwili ni mzima, nazishukuru Mbingu. Umeninyamazia tangu masika, wala sikulaumu. Mama ameniandikia kuwa washenga wameacha kupita mlangoni, kwa kuwa ulirudishwa kutoka ikulu na neno kwamba una kifafa. Anasema unalia, unauliza ni nani aliyekuzulia na kwa nini mimi, Malkia mzima, sikukutetea.

Suwen, huku watu ni wengi, wa kuzungumza naye hakuna. Uji wangu wa mtama huonjwa na watu watatu kabla ya kunifikia, kwa hiyo huu mwaka wa kumi na moja sijala kitu cha moto. Masuria huja kila asubuhi kunipigia magoti huku wakinitazama tumbo. Mfalme alipokuja mara ya mwisho tulizungumzia mafuriko. Nikaanza kuongea na kasuku. Matowashi wakamchukua, eti asije akatoa siri. Siri gani? Nilikuwa namfundisha kuniuliza nimeamkaje.

Ndipo nikaandikisha jina lako kwenye uchaguzi wa wasichana. Ndiyo, ni mimi. Nilitaka uwe suria wa Mfalme ili nipate wa kucheka naye. Chumba kilichopakana na changu nilikitandika kwa mikono yangu.

Siku ile ulisimama safu ya tatu. Binti wa kando yako alitetemeka mpaka ua la nywele likamdondoka. Ukaliokota, ukamchomekea, mkacheka. Towashi mkuu akakukaripia kwamba hapa si sokoni. Ukamjibu kuwa ni kweli, maana sokoni hata kuku hupiga kelele akishikwa. Ulimi wako huo! Nilijua umekwisha. Lakini Mfalme akacheka, akaniinamia, akasema huyu anamfaa, aandikwe.

Nilichokuwa nakiomba kilikuwa mkononi. Nikakutazama ukijizuia kucheka, nikaona humu kicheko hicho hakimalizi mwaka. Nikamwambia Mfalme una kifafa.

Ni mimi niliyekuzulia, mdogo wangu. Sikupata uongo mdogo zaidi wa kumzuia. Anayekuletea barua hii ni mjakazi wangu Pei, aliyemaliza utumishi; atakaa kwenu mwaka mzima, awaambie washenga amelala chumba kimoja nawe na hajaona ugonjwa wowote. Ukishaisoma, ichome. Kumdanganya Mfalme ni kifo.

Ila wewe sitakudanganya. Siku nyingine najuta, na sijutii uongo. Najuta sikukuacha uandikwe.

Nisalimie Baba na Mama, na shangazi akija. Wao waambie Malkia hajambo.

Ni mimi dada yako,
Yihua