Saa Moja ya Ziada kwa Mtaa wa Juu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ndiye mtu wa maji wa mji wetu, mji mdogo tu, mtambo mmoja wa kusafisha maji na matangi mawili, tuko mimi na msaidizi wangu, kwa hiyo mimi ndiye napima dawa, mimi ndiye naosha machujio, na kila asubuhi nabeba ufunguo begani, ile nondo ndefu ya kufungulia koki zilizofukiwa barabarani, nazunguka kugawa maji, mtaa wa juu masaa matatu, mtaa wa chini masaa matatu, na ufunguo huo sijamwachia mtu miaka kumi na moja.

Mke wangu alivumilia mengi. Harusi ya mdogo wake niliiacha katikati, nimevaa suti, kisa bomba limepasuka. Siku ya msiba wa baba yake nilikwenda na ufunguo, nikauegemeza ukutani kando ya viatu vya watu, na kabla mzee hajatolewa ndani simu ikaita, nikaubeba nikaondoka. Mwenzangu hakurudi nyumbani. Alibaki kwa mama yake, mtaa wa juu, akanipigia mara moja tu: "Siku utakayokuja bila hicho chuma, nitajua umenifuata mimi." Nami kwa ujinga wangu nikamuuliza, sasa koki nimwachie nani? Akakata simu. Sasa ni mwezi wa tano yuko huko.

Mshauri, nimemkumbuka mpaka naumwa. Kikombe chake nakiosha kila siku na hakuna anayekinywea. Alfajiri nakaa mbele ya kipimo cha tangi la juu, na mshale ukianza kushuka nasema moyoni, huyo ameamka, huyo ananawa uso, sasa anafua. Basi nikaanza kumwongezea, kwanza dakika kumi, halafu nusu saa, mwisho saa nzima, asije akapungukiwa na kitu kinachotoka mkononi mwangu. Saa hiyo nimeikata kwenye mgao wa mtaa wa chini. Wiki iliyopita mkunga wa zahanati ya huko alikuja na ndoo mbili tupu akaziweka juu ya meza yangu, akaniambia amezalisha huku watu wanaomba maji kwa majirani. Nikamdanganya kwamba pampu imechoka. Aibu ile sijaimaliza.

Halafu juzi shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuja kuripoti bomba linalovuja, na alipofika mlangoni akageuka akasema dada amemtuma aniambie, "Maji yametosha." Je, ndiyo nimekataliwa? Naogopa kupanda kule nikafungiwa mlango, na nikimpunguzia maji sitakuwa na chochote kinachonifikisha kwake. Nifanyeje?

Mwenye Ufunguo

Mwenye Ufunguo, pole. Kumkumbuka mtu hivyo si jambo dogo, na barua yako nimeisoma mara mbili. Sasa kaa nikuseme.

Kwanza, huo mshale wako unashushwa na nyumba zote za mtaa wa juu. Alfajiri unayomwona akifua, mwenzio huenda kalala fofofo. Mapenzi yako umewalipisha mama aliyejifungua na mkunga wake, watu ambao hawajakukosea lolote. Kesho asubuhi mgao urudi masaa matatu kwa matatu. Halafu nenda zahanati kwa miguu yako, umwambie mkunga kwamba pampu ni nzima na mkosaji ni wewe. Akikufokea, nyamaza. Na mkubwa wako kazini mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa.

Pili, msaidizi wako. Miaka kumi na moja unazunguka peke yako utadhani ukiugua mafua mji mzima utakufa kiu. Mpe ufunguo wiki hii, mzunguke pamoja siku tatu, ya nne azunguke yeye. Atakosea koki moja, ataifunga, maisha yataendelea.

Tatu, hayo maneno uliyoletewa. Umeyalia bure, baba. Wewe hukumwambia mtu kuhusu ile saa ya ziada, na majirani zake wote wameipokea bila kujua inatoka wapi. Yeye amejua. Maana yake anajua zamu zako, anasikiliza bomba likiendelea kutiririka, na anajua ni nani aliyeliacha wazi. Mwanamke aliyekwisha kukutoa moyoni angejaza ndoo zake akanyamaza.

Maji yametosha, amekwambia. Miezi mitano umempelekea maji, na miguu yako hujampelekea. Panda mchana, umevaa shati safi, mikono mitupu. Simu mwachie msaidizi. Ukifika mlangoni ukaona hujui mikono uiweke wapi, usirudi nyuma. Bisha hodi.